Nahodha wa kitanda cha dirishani

Leo twatoka madrasa na mwanangu, mbele yetu kichochoroni kuna mzee ashika ukuta wa huku, avuka ashika wa kule, punda wapita yeye ajibanza. Mtoto auliza kwa sauti, mama, yule babu mbona hana bakora? Nikamnyamazisha, lakini moyo ulisharudi wodini ninakouguza, kwa mgonjwa wangu nahodha.

Alikuwa na sukari na presha, dripu mkononi, na bakora hataki hata kuiona, akitembea ashika vitanda vya wenziwe. Fomu yetu ya kupima hatari ya mgonjwa kuanguka ilikuwa ile ya Morse ya mwaka 1989, maswali sita yenye alama, na wodi nyingi ukifika 45 wahesabiwa wa hatari kubwa. Mwenye bakora apewa 15, anayeshikilia vitanda na meza apewa 30, na ni haki kabisa, bakora yaenda na mtu, meza ikiisha ana nini cha kushika? Nilipomuuliza kama ameanguka karibuni akasema la hasha, na wajukuu wamemzunguka pale ungetaka aseme nini. Pamoja na maradhi, dripu na mwendo wake dhaifu alikuwa tayari 75. Mkewe akanivuta kando akanambia aliporomoka ngazini nyumbani juzi tu. Hiyo ni 25 nyingine, nikaandika 100.

Usiku nikashusha kitanda mpaka chini, nikamwekea kopo la mkojo karibu, taa ya chooni nikaiacha yawaka.

Ikaadhiniwa alfajiri. Kabla muadhini hajafika katikati nikasikia chuma chalia, nahodha ameshaketi, miguu peku sakafuni, mkono mmoja kwenye stendi ya dripu, aenda kutawadha. Nilifika akiwa ndo anyanyuka, nikamshika kiunoni kwenye kikoi, nikamuhisi mwili mzima watetemeka kama tanga lililokosa upepo, jasho jembamba usoni, macho yanatafuta kitu mbali. Babu, keti kwanza. Akaninong'oneza, "Mwanangu, mimi nimepanda mlingoti na kusi lavuma." Nikamwambia najua babu, keti. Akaketi. Nilimpima amelala, namba ya juu ya presha ikawa 142, nikamsimamisha na mwenzangu ikashuka 114, na ikishuka 20 tu ndani ya dakika tatu za kusimama yatosha kumwangusha mtu. Nikaleta beseni na birika, nikammiminia maji pale pale, akasali kwenye kiti.

Dawa zikabadilishwa, akaruhusiwa, hakuanguka kwetu.

Tangu hapo kila mgonjwa namuuliza huamka saa ngapi kusali na maji ya udhu ayapata wapi, nikaandika pembeni kwa sababu fomu haina pahali pake. Wenzangu wengine waona nazidisha kazi. Huenda. Lakini ngazi za nyumba yake, zile za mawe zilizosimama wima na hazina pa kushika, nani alikwenda kuzipima? Mimi sikwenda, si kazi ya wodi wanavyosema, na mpaka leo sijui ni kazi ya nani.