"Nane Tu, Kocha?"

Mwaka ule nilipokabidhiwa timu ya riadha ya chuo, waruka chini, wale wanaokimbia na kuruka kutua mbali mchangani, niliwakuta na zoezi moja tu: rudi nyuma kadiri upendavyo, kimbia kama umefukuzwa na nyuki, ruka. Wanarudia hadi magoti yanagoma. Waliokaa pembeni kazi yao kupiga kelele, "Juu! Ruka juu!"

Binti mmoja wa mwaka wa pili, aliyetokea kwenye mita 100, alikuwa na mbio kuliko wote. Akiukaribia tu ubao wa kurukia, anaanza kukata hatua, fupifupi, huku anachungulia chini, na mbio zote zinafia pale. Nikamwambia mbio zake ataanzia hatua 8 tu kabla ya ubao.

"Nane tu, Kocha? Si nitachekwa?"

Akachekwa kweli.

Kanuni ya kuongeza mzigo kidogo kidogo watu huidhania ni ya kunyanyua vyuma. Kwa mruka chini, mzigo mzito ni kasi yenyewe. Ukifika mbio sana, mguu unabaki na kama sehemu ya kumi ya sekunde kuusukuma ubao. Ukimwongezea mtu kasi kabla mguu haujaijua kazi yake, unamfundisha kukosea haraka zaidi.

Tukashughulika na hatua mbili za mwisho. Ya kwanza ndefu kidogo, kiuno kishuke. Ya pili fupi, ya haraka, unyayo utue wote. Nilichuchumaa kando ya ubao nikisikiliza. Unyayo ukitua sawasawa unasikia pa! moja. Kisigino kikitangulia, unasikia mbili.

Haya tuliyafanya mara tu baada ya kupasha misuli, miguu haijachoka. Mazoezi ya nguvu yalikuwa na siku yake. Kijana mmoja mrefu, mtu wa mpira, sikumpa programu ile kabisa. Ubao aliupiga vizuri, alichokosa ni kasi, nikampeleka kwa wakimbiaji. Akanuna wiki nzima kwamba namtenga.

Binti alipoacha kuchungulia ubao nikampa hatua 10, kisha 12, na hizo ndizo alizoendea mashindano ya vyuo. Bendera nyeupe ya mruko halali ikapanda, akatua mbali kuliko siku zote, halafu akajishikiza kwa mkono nyuma. Waamuzi hupima alama ya mchangani iliyo karibu zaidi na ubao, na iliyokuwa karibu ni ya kiganja.

"Kocha, kumbe mkono nao unahesabiwa?"

Jumatatu tukaanza na kutua.