Nimeanza na komeo

Julai hii Uyole baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, lakini saa 11:30 alfajiri niko mezani, blanketi mabegani, kaunta buku mbele yangu. Saa hiyo nimejifunza kwa Anthony Trollope, mfanyakazi wa posta wa Uingereza: aliweka saa mezani, maneno 250 kila robo saa, akaacha riwaya 47. Mimi robo saa hunipa sentensi mbili, tatu. Zinatosha.

Kinachonisaidia zaidi ni kuacha katikati ya tukio. Jana nilimwacha mjane wa hadithi yangu mlangoni, mkono kwenye komeo, hajafungua. Leo vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ila pa kuanzia nilipajua. Nimeandika mpaka daladala za Mwanjelwa zikaanza kupiga honi. Ameingia ndani jamani, na nimemwona aliyekuwa akimsubiri!