Arch kwenye meza ya kazi: kumbukumbu ya matunzo, Juni hadi Septemba 2025

Juni

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, kwa Scribus na LibreOffice. Mradi huu una swali moja: mtu mwenye kazi za watu mkononi anaweza kutumia Arch Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kila siku bila matunzo yake kula muda wa kazi? Mashine ni ThinkPad T480, intaneti ni bando la simu.

Mwezi huu umenipa kipimo kizuri. Tarehe 21 Arch walitangaza kwamba kifurushi cha linux-firmware, chenye programu ndogo zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi, kimegawanywa kufuata watengenezaji wa vifaa: Intel peke yake, AMD peke yake, Nvidia peke yake. Aliyekuwa na toleo la zamani angeambiwa kuna mafaili ya nvidia ambayo tayari yapo, na pacman, programu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi, ingegoma kuendelea. Dawa ilikuwa ndani ya tangazo: ondoa kwa `pacman -Rdd linux-firmware`, kisha rudisha kwa `pacman -Syu linux-firmware`. Mimi nilipakua kila kitu kwanza kwa `-Syuw`, ndipo nikaondoa, maana bando likikatika katikati ya amri hizo mbili na mashine ikazimwa, itawaka bila firmware ya Wi-Fi.

Mgawanyo huo una faida kubwa kwetu wa bando. T480 yangu ni Intel tupu, kwa hiyo nimeiwekea alama linux-firmware-intel kuwa nimeichagua mwenyewe, nikaitoa linux-firmware pamoja na vilivyoifuata. Firmware ya Nvidia, ambayo ni nzito na sina kadi yake, haishuki tena.

Julai

Huu ni mwezi wa hesabu ya bando, na hapa ndipo naona watu wengi hawaelezwi ukweli kabla ya kuhamia.

Arch haina toleo la mwaka huu wala la mwaka kesho. Vifurushi vinatoka siku hadi siku, na vyote vimejengwa vitegemeane vilivyo siku hiyo. Ukitaka Firefox mpya, unachukua na vingine vyote vinavyosubiri. Amri ya `pacman -Sy firefox` inakubali kabisa kufanya kazi, na hatari iko hapo hapo: inaleta orodha mpya, inaweka Firefox iliyojengwa juu ya maktaba mpya (mafaili ambayo programu hushirikiana), huku mashine ina maktaba za zamani. Leo inaweza kufunguka, kesho programu nyingine ikagoma. Arch wenyewe wanasema wazi kwamba usasishaji wa nusu nusu hawauungi mkono. Kwa mwenye Wi-Fi ya ofisi si neno. Kwa mwenye bando, hiyo ndiyo gharama kuu, kubwa kuliko muda: kerneli (kiini cha mfumo), LibreOffice na TeX Live vikibadilika wiki moja, vyote vitashuka.

Utaratibu niliofika nao: `-Syuw` usiku bando likiwa nafuu, asubuhi nasoma matangazo, kisha `-Su`. Kati ya hapo sisakinishi kitu kingine chochote. Baada ya kerneli mpya nawasha upya papo hapo. Moduli za kerneli iliyokuwa ikiendesha mashine zinakuwa zimefutwa, na mteja akija na flashi inaweza isisomeke. Umeme pia unahesabika, kwa kuwa kukatika wakati initramfs, faili la kuwashia mashine, inaandikwa kunaweza kuiacha mashine isiyowaka. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, na kwa kazi hii nazithamini sana.

Kisha AUR, hazina ya vifurushi vinavyowekwa na watumiaji wenyewe. Tarehe 16 mtu alipandisha vifurushi vyenye majina ya kuvutia, kama librewolf-fix-bin na firefox-patch-bin, ndani yake mna programu ya kumwezesha mtu wa mbali kuiendesha kompyuta yako. Viliondolewa tarehe 18. AUR haikaguliwi kama hazina rasmi. PKGBUILD, faili la maelekezo ya kujenga kifurushi, unaisoma mwenyewe, kila inapobadilika. Muda wa kuisoma nauhesabu kama matunzo, na kwa sababu hiyo nimebaki na vifurushi vichache sana vya huko. Fonti za wateja naziweka kwa mkono.

Agosti

Debian 13, aina nyingine ya Linux, imetoka tarehe 9. Dada yangu aliniomba nimtoe kwenye Windows 10, iliyokuwa inafikia mwisho wa masasisho yake Oktoba 2025, na sikuhitaji kufikiri mara mbili: nimemwekea Debian. Yeye anaandika barua na kutunza hesabu za duka. Debian hiyo itapata masasisho ya usalama hadi 2030 bila kumdai asome tangazo lolote. Simpi mtu Arch kama sitakuwa karibu naye.

Mwezi huu pia tovuti ya Arch na AUR zilishambuliwa kwa msongamano wa makusudi, zikawa zinafunguka kwa shida. Seva za nakala ziliendelea, kwa hiyo pacman ilifanya kazi. Nikaahirisha tu kusasisha hadi niweze kusoma matangazo.

Septemba

Arch inabaki kwenye mashine yangu. Scribus na LibreOffice nazipata zikiwa mpya, ArchWiki, tovuti ya maelezo yake, ni hazina ninayoitumia kila siku, na jambo likiharibika najua lilipo kwa sababu niliweka kila kipande mwenyewe. Lakini inabaki kwa masharti. Wiki ya kupeleka kitabu kiwandani sigusi pacman. linux-lts, kerneli inayobadilika polepole, imekaa pembeni ya kerneli ya kawaida. Mafaili ya .pacnew, yaani mipangilio mipya inayokuja na masasisho, nayapitia kwa `pacdiff` siku ile ile, yasirundikane. Na paccache, inayosafisha vifurushi vilivyopakuliwa, inaacha matoleo matatu ya kila kifurushi, nipate pa kurudi.

Oktoba najaribu Btrfs, mfumo wa mafaili unaoweza kuhifadhi picha ya mfumo mzima ya kurudia, kwenye diski ya ziada. Kipimo ni kama picha ya mfumo itanirudisha kazini haraka kuliko `pacman -U` ya kifurushi cha zamani. Kama haizidi, nabaki na ext4, mfumo wa mafaili ninaoutumia sasa.