Siku moja maishani mwangu: najifunza kupanda juu ya miti na kuikata Kampala

Saa 11 na nusu asubuhi

Kawempe bado giza ila barabara ya Bombo ishaamka zamani, taksi zinapiga honi, mi nakula rolex, ile chapati ya kuviringwa na mayai, na chai ya maziwa, manake ukishafika juu hushuki kwa ajili ya njaa. Nafanya kazi na timu ndogo ya kupunguza na kuangusha miti. Bosi wetu ni mzee Mnubi wa Bombo, mwingine katoka Arua, wawili ni Waganda, mi wa Busia, kwa hiyo kazini ni Kiswahili tu toka asubuhi mpaka jioni. Vijana wa mtaani huniuliza hii kazi inataka nini na wengi washajijibu, wanadhani ni nguvu na kutoogopa. Nguvu inasaidia kidogo. Kinachotakiwa ni kubaki umefungwa kwa kamba kwenye mti muda wote, hata ile sekunde moja ya kuvuka tawi, na ndo hicho ninachofundishwa kila siku.

Saa 1 asubuhi

Stoo. Kamba ya kupandia ina unene wa milimita 13 na urefu wa mita 45, naipitisha yote mkononi pole pole bila glavu, natafuta palipolainika kuliko kwengine, palipokatika nyuzi, palipokauka kwa sababu ya kuungua na msuguano. Macho peke yake hayatoshi, kidole kinaona zaidi. Halafu hanesi, ile mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani, mshono kwa mshono, halafu karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, za kujifunga zenyewe ambazo huwezi kuzifungua mpaka usukume, uzungushe, ndo ubonyeze. Ikichelewa kujirudisha hata kidogo inawekwa pembeni, haendi nayo mtu saiti.

Saa 2 na nusu

Kololo. Kompaundi ina mwembe mkubwa ambao matawi yake makavu yananing'inia juu ya mabati ya nyumba ya wafanyakazi, na nyuma kuna mkaratusi uliokufa. Hakuna anayegusa kamba bado. Mzee anazunguka mti, nami nyuma yake, ananiuliza naona nini. Naangalia shinani kama kuna uyoga, manake uyoga pale chini mara nyingi maana yake mizizi au shina linaoza kwa ndani, nagonga shina kwa nyundo ya mbao nasikiliza kama pana uwazi, naangalia pale matawi mawili yanapoachana kama gome limebanwa katikati au pana ufa, halafu nyuki. Nyuki wetu hawana utani na wewe uko juu umefungwa, utakimbilia wapi?

Mama mwenye nyumba akatoka akaomba tumkatie na tawi linaloelekea barabarani, limekaribia waya. Mzee akamwambia kwa upole, "Mama, lile hatuligusi leo. Ule waya ni wa volti 11,000, na ule hauna ngozi ya plastiki. UEDCL waje wazime kwanza, ndo turudi." Mama akasema mbona wengine hukata tu na panga. Mzee hakubishana, akampa utaratibu wa kuwapigia. UEDCL, shirika la serikali, ndo walioshika usambazaji wa umeme toka kampuni iliyoitwa Umeme ilipomaliza mkataba wake wa miaka 20 mwaka 2025, kwa hiyo ni wao wa kuzima, sio fundi wa mtaani. Na huo umeme hausubiri uushike, unaweza kuruka kabla hujagusa, na tawi bichi linaupitisha vizuri tu. Sisi kwa waya kama ule hatukaribii ndani ya mita 3, sio mtu, sio msumeno, sio tawi linaloanguka.

Saa 3 na nusu

Narusha uzi mwembamba wenye kifuko kizito mwishoni upite juu ya panda nililolichagua, yaani pale tawi linapoachana na shina, tawi lazima liwe hai, nene zaidi ya sentimita 10, kamba ikae karibu na shina. Uzi ukivuka unavuta kamba. Kisha tunaning'inia watu wawili kwenye hiyo kamba tukiwa bado chini, tawi likinung'unika tunatafuta lingine.

Ninavaa mikono mirefu hata jua likiwa kali, manake utomvu wa mwembe unaunguza ngozi ya watu wengine, mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Napanda kwa fundo la Blake, unalisukuma juu linateleza, ukilikalia linakaba. Mkubwa wake ni fundo la Prusik, la yule Mwaustria Karl Prusik aliyelitangaza mwaka 1931, wapanda milima wanalitumia mpaka leo. Kabla ya kwenda juu nalikalia fundo nikiwa nusu mita kutoka chini, narukaruka, Mzee anaangalia mkia wa kamba una fundo la kuzuia mwishoni, ndo anatikisa kichwa niende.

Saa 4 mpaka saa 6

Nimefika kwenye panda la pili. Kamba yangu imepita chini ya tawi nene na mi nahitaji kwenda juu yake, yaani lazima niitoe niirushe upya. Wapanda fenesi wa kijijini hapa wangekumbatia shina wakapita, wana miguu ya ajabu wale na nawaheshimu sana, lakini hapa ndo mtu huanguka. Nachukua kamba fupi, naizungusha shina, naibana kwenye pete ya pembeni ya hanesi, nasubiri nisikie karabina imejifunga, naiangalia kwa macho pia, halafu naiegemea kwa uzito wangu wote huku kamba kubwa ikiwa bado imefungwa. Naita chini, "Kamba fupi imeshika!" Mzee anajibu, "Fungua." Hapo ndo natoa ile kubwa, nairusha juu ya panda linalofuata, nafunga fundo upya, naikalia, nayo ikishika ndo kamba fupi inatoka. Inachukua dakika kadhaa na mkono unatetemeka kwa kuchoka na bado hakuna njia ya mkato.

Kukata nako hivyo hivyo, ukishika msumeno lazima uwe umefungwa sehemu mbili, kwa sababu blade inaweza kupita kwenye kamba moja. Pawaso, msumeno wa injini, juu ya mti sijaruhusiwa bado, natumia msumeno wa mkono. Tawi kavu la kwanza nalikata mara tatu: kwanza chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, theluthi tu ya unene, halafu juu mbele kidogo ya pale mpaka lianguke. Ukianzia juu tu, tawi linashuka na gome la shina linachunika kama unamenya muhogo. Cha tatu ndo kile kipande kilichobaki, nakikata nje ya ile shingo iliyovimba tawi linapotokea shinani, bila kuigusa shingo yenyewe na bila kuacha kisiki kirefu. Mmarekani Alex Shigo alipasua miti mingi sana kuangalia ndani na ndo alituonyesha kwamba mti haushoni kidonda, unafungia lile eneo lililoumia lisisambae, halafu gome linakua juu yake toka pembeni. Ile shingo ndo inafanya kazi hiyo. Ukiikata umeunyang'anya mti kinga yake, na rangi unayopaka juu haisaidii chochote.

Nikamsikia Mama anauliza chini kama tunaweza kukata kichwa chote cha mwembe uwe mfupi. Hilo linanikera kweli kweli, Kampala nzima miti inakatwa hivyo. Machipukizi yanayokuja baadaye yanashikilia juu juu tu, baada ya miaka michache ndo hayo yanadondokea magari. Mzee akamwahidi tutapunguza chini ya robo ya majani na mwanga utaingia, akakubali.

Saa 7

Posho, yaani ugali, na maharage, kisha kabla ya kazi nyingine tunafanya zoezi la kumshusha mtu. Yule kaka wa Arua ananing'inia mita mbili tu kutoka chini, anajifanya amezimia, mi napanda, namuunganisha na mimi, namshusha. Mtu aliyetulia ndani ya hanesi bila kusogeza miguu, damu inabaki miguuni na ni hatari ndani ya dakika chache, huwezi kusubiri gari litoke upande wa pili wa mji na foleni hii. Ndo maana kila saiti lazima chini kuwe na mtu wa pili anayejua kupanda, amevaa hanesi tayari.

Saa 8

Mkaratusi. Hapa anapanda fundi mkubwa na vyuma vya miguuni vyenye ncha, ambavyo tunavitumia kwenye mti wa kuondolewa peke yake kwa sababu kila hatua inatoboa. Mi niko kwenye kamba ya kushushia, nimeizungusha shinani mara kadhaa ili msuguano ubebe mzigo, kipande kikikatika naiachia pole pole kisije kikakwama ghafla na kumtikisa aliye juu. Kazi ya chini nayo ni kumlinda mwenzio.

Saa 9 na nusu

Wingu jeusi upande wa ziwa, ngurumo ya kwanza. Mzee akapiga filimbi, fundi akashuka hapo hapo, gogo bado limesimama karibu mita 6. Mama akaomba tumalizie dakika kumi tu. Mzee akasema, "Samahani Mama, kesho asubuhi na mapema tuko hapa," tukafunga utepe kuzunguka gogo na askari wa geti akaambiwa asiruhusu mtoto kupita pale.

Saa 11 jioni

Stoo tena. Kamba naiosha kwa maji na sabuni laini, naianika kivulini. Misumeno yenye utomvu naifuta na mafuta ya taa, lakini mbali kabisa na kamba na hanesi, nikimaliza nanawa kwanza ndo naifungasha kamba ya kesho. Lile gogo la mita 6 fundi kasema mi ndo nitafunga kamba ya kulivutia.