Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Farasi wa Chuo Kikuu

Nikisema kazi yangu ni farasi, watu wananiona juu ya tandiko, upepo usoni. Jamani, mimi ni wa toroli.

Saa 11 alfajiri napita banda hadi banda kabla sijagusa kitu. Nani kamaliza nyasi, nani kaacha, nani anageuka kutazama ubavu wake? Farasi hawezi kutapika, na tumbo likimsokota hali hubadilika haraka. Asiyekunya usiku ananitisha kuliko anayeng'ata.

Saa 12 wanafunzi wa zamu wanaingia wakipiga miayo. Maji, nyasi kavu, kuzoa samadi, maranda mapya. Farasi mmoja mkubwa hutoa kilo 20 na zaidi za mavi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Saa 2, wenye mimba. Hubeba karibu miezi 11, kisha wengi wao wakasubiri usiku ndipo wazae. Leo mmoja ana vitone mithili ya nta kwenye chuchu, kwa hiyo siku imekaribia. Naandika ubaoni zamu ya usiku. Jina ni langu.

Saa 4, wageni. Masharti ni yale yale: usipite nyuma ya farasi, usimlishe kwa mkono, usikimbie. Watoto husikia. Leo kulikuwa na bwana mmoja mwenye mwavuli. Kwa dume la mbegu aliuliza huwa anapanda majike gani. Nilipoeleza uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu bila kupandwa, kwamba majike wengi hapa hawakutani na dume kabisa, alicheka mpaka wanafunzi wakainamisha vichwa. Kwa jike aliyezaa juzi alitaka kumkumbatia mtoto apigwe picha. "Dada, si mnyama tu?"

Tukafika uwanjani. Mwanafunzi alikuwa akimzungusha dume kijana wa miaka miwili kwa kamba ndefu, tandiko likiwa mgongoni kwa mara ya kwanza. Nikawaonyesha wageni sikio la upande wa ndani, lilivyomwelekea mwanafunzi muda wote, na mdomo ulivyoanza kutafuna hewa huku shingo ikishuka. Hapo anatulia, anasikiliza. Bwana akasema haoni kazi yoyote, ni kuzunguka tu. Halafu, jua lilikuwa limemchoma, akafungua mwavuli. Paa!

Farasi aliruka miguu yote minne, kamba ikachomoka kwenye glavu za mwanafunzi, vikuku vya tandiko, vile vya kukanyagia, vikampiga mbavuni, naye akazidi kukimbia. Hakuna aliyeumia. "Mwoga huyu," bwana akasema, "hajafundishwa." Nikameza mate.

Huwezi kumrudisha bandani katika hali ile, maana kesho atakumbuka tandiko pamoja na kishindo. Tukaanza upya. Tukamvua kila kitu, tukampiga brashi. Kitambaa cha tandiko akakinusa, tukakiweka mgongoni, tukakitoa, tukaweka tena. Kisha nikamwomba bwana mwavuli. Ukalala chini umefungwa, farasi akapitishwa mbali, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi. Ukafunguliwa nusu. Tukarudi nyuma hatua mbili. Wageni wengine waliondoka. Bwana alikaa kwenye benchi kuusubiri mwavuli wake, akaitazama kazi yote ambayo hakuiona. Hawa ni farasi wa kufundishia: siku moja dume huyu atashikwa na mwanafunzi asiyejua hata kufunga hatamu, na ni lazima avumilie.

Mchana nilikula sikumbuki nini. Fundi wa kwato alikuja, kwani hukatwa kila wiki 6 hadi 8, nami nikashika vichwa hadi mikono ikafa ganzi. Nyasi tena. Samadi tena.

Usiku namkumbusha mwanafunzi niliye naye zamu: mtoto asimame ndani ya saa moja, anyonye ndani ya saa mbili, kondo la nyuma litoke ndani ya tatu. Likizidi hapo, mpigie daktari wa mifugo, usilivute kwa mkono. Ameandika yote kwenye kiganja.

Saa 7 usiku jike anatafuna nyasi na kunishangaa. Sijavua buti.