Barcelona kati ya meli mbili: nilivyozitumia asubuhi zilizokufa

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayetaka kupanda meli mbili za kitalii mfululizo kutoka Barcelona, na kulala hotelini katikati yake, asianze na hoteli. Aanze na viza. Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa ulikuwa huu: "Omba ya kuingia mara moja, utakuwa Ulaya muda wote." Muda wote wapi! Meli ya kwanza ilizunguka Marseille, Genoa na Naples ikarudi Barcelona, na huko kote ni Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ya pili ilipita Casablanca kwanza, ndipo ikaenda visiwa vya Canary, ambavyo ni Hispania. Ukishatoka kwenda Morocco, viza yenye 01 kwenye idadi ya kuingia imekwisha kazi, hata kama tarehe zake bado zipo. Unachotaka kuona pale ni MULT, yaani kuingia mara nyingi.

Kwenye ombi la viza niliambatanisha tiketi za meli zote mbili, hoteli ya katikati, na ratiba ya bandari siku kwa siku, nikapiga mstari mwekundu pale meli inapotoka Schengen na pale inaporudi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima isipungue euro 30,000, na ifike mpaka siku ya mwisho ya meli ya pili. Wengi huikatia meli ya kwanza wakasahau ya pili. Morocco nayo ina masharti yake, yaulizie mapema, maana kampuni ya meli haikupandishi ukiwa na pengo.

Kuhusu hoteli, kila mtu alinitajia La Rambla, barabara maarufu ya watalii. Kelele, bei, na wezi wa mifukoni. Wengine wakasema Barri Gòtic, mji wa kale. Ni pazuri kweli, lakini buruta begi la kilo 20 kwenye vichochoro vyake vya mawe uone magurudumu yatakavyolia. Mimi nilichagua mtaa wa Poble-sec, upande wa kituo cha metro cha Paral·lel. Basi la bandarini hushushia watu karibu na mnara wa Columbus, na kutoka hapo ni kupandisha barabara ya Paral·lel, njia ya waenda kwa miguu pana na tambarare, robo saa hivi. Ulizia lifti kabla ya kulipa. Majengo mengi ya zamani ya Barcelona yana "entresòl" na "principal", ghorofa mbili zisizohesabiwa, kabla hata ya ghorofa ya kwanza, kwa hiyo ghorofa ya tatu kwenye tangazo inaweza kuwa ya tano kwa magoti yako.

Sasa lile ninalojivunia. Meli hukutoa saa mbili au saa tatu asubuhi. Hoteli hukupa chumba saa nane au saa tisa alasiri. Watu huzipoteza saa hizo kwenye mkahawa, mabegi miguuni. Wakati huo huo wamebeba nguo chafu za wiki nzima, na dobi wa meli hutoza kwa kila kipande, soksi nazo ni kipande. Basi saa hizo ni za kufua.

Maandalizi huanza usiku wa mwisho melini. Nguo chafu zote ziende kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, juu kabisa ya begi. Usiweke begi nje ya mlango wa kabini kama wanavyoagiza. Chagua kushuka na mzigo wako mwenyewe, ukiweza kuubeba. Unatoka na watu wa mwanzo, huhitaji kulitafuta begi ukumbini katikati ya mamia yanayofanana. Hotelini wanapokea mabegi bure hata kama chumba hakijawa tayari. Unachomoa ule mfuko, unakwenda kwenye chumba cha mashine za kufulia za kujihudumia; vyumba hivyo havikosekani Poble-sec wala Raval, mtaa jirani.

Mashine nyingi hujitilia sabuni zenyewe, kwa hiyo ya kwako iache. Ukiongeza, povu halitoki kwenye suuza. Angalia namba ya mashine, ndipo ulipie kwenye kisanduku cha ukutani; ukikosea namba umemfulia mwenzio. Usijaze ngoma mpaka juu, bakiza nafasi ya kiganja kimoja. Kanga na vitenge vipya vifuliwe peke yake kwa maji baridi, la sivyo mashati meupe yatapanda meli ya pili na rangi ya waridi. Kukausha ndiko kunakokula sarafu: jinzi na taulo kwenye mashine moja, nguo nyepesi kwenye nyingine, kwa sababu jinzi moja huziweka nyingine zote na unyevu. Nguo za kuogelea zianike, joto huua mpira wake. Saa moja na nusu hivi, euro kumi na kitu kwa watu wawili, na kabla ya adhuhuri umemaliza.

Mchana ule ule tulikwenda Sagrada Família, kanisa maarufu la Barcelona. Kutoka Paral·lel ni metro L2 moja kwa moja, hakuna kubadilisha. Tiketi hununuliwa mtandaoni tu, kwa saa maalumu, na wakati wa joto tiketi hizo huisha siku kadhaa kabla. Chukua saa za jioni: vioo vya magharibi ni vyekundu na vya machungwa, jua likishuka ukumbi mzima unawaka. Kwa metro, mkiwa wawili nunueni tiketi ya T-familiar, safari 8 za kutumiana. T-casual ina 10 lakini ni ya mtu mmoja. Zote mbili hazifai kwenye metro ya uwanja wa ndege. Soko la Boqueria hufungwa Jumapili, panga kabla.

Siku ya kupanda tena, soma herufi ya gati kwenye tiketi. Meli kubwa hukaa Moll Adossat, sehemu ya bandari yenye magati kadhaa, ng'ambo ya daraja linalofunguka, na dereva wa teksi atakuuliza: A, B, C? Usifikirie kwamba ni gati lile uliloshukia. Kutembea kwa miguu mpaka kule kwenye jua sikushauri. Lebo za mabegi zichapishe hotelini na uzipige pini. Mkononi baki na pasipoti, dawa, chaja na nguo ya kuogelea, maana begi kubwa linaweza kufika kabini usiku.