Daftari la presha la Ramadhani ile

168 kwa 98. Niliandika namba hiyo tarehe 7 Mei 2020, siku moja baada ya Serikali kutangaza kwamba Mji wa Kale, hapa Mombasa, unafungwa kwa siku 15, hakuna kutoka wala kuingia. Mamangu ana kisukari na presha kwa miaka mingi, na kabla ya corona mashini ilikuwa ikitupa 130 na kitu.

Daftari lenyewe ni la shule. Upande mmoja niliandika namba, upande wa pili yaliyotokea siku hiyo.

Nilikuwa nampima alasiri, mara tu baada ya taarifa ya Wizara ya Afya kwenye televisheni. Wagonjwa wapya kadhaa, waliofariki kadhaa, na onyo lile lile: wazee na wenye kisukari na presha wajihadhari zaidi. Mama alikuwa akisikia anatajwa yeye. Kisha mimi namfunga mkono, nashtuka kwa namba, naye ananitazama usoni. Nilipohamishia kipimo asubuhi, ametulia kitini dakika tano, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, hatuongei, ikawa 150 na kitu. Ilikuwa bado juu, maana presha inayopimwa nyumbani haifai kuzidi 135 kwa 85, lakini haikuwa ile ya kututia kiwewe.

Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, mishipa hujibana, presha hupanda. Hofu ikipita, hushuka. Ya Mama haikupita. Saa tisa za usiku nilimsikia akiburuta ndara ukumbini. Kutembea hadi Marikiti, mazoezi yake pekee, kulikwisha. Kliniki ya Aprili hakwenda, kwa kuogopa kuambukizwa hukohuko.

Na ile futari. Kwa ajili ya sukari Mama hafungi, hutoa fidia, na miaka yote huipika mwenyewe na kuipeleka kwa mikono yake kwenye nyumba za watu anaowajua. Mwaka ule misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali sebuleni, na masufuria yake makubwa yamefunikwa jikoni. Sijui mashine ya kupima jambo hilo, ila liko kwenye daftari, kila siku ya juma la kwanza.

Tarehe 14 nikahesabu vidonge vyake vya presha, vya aina mbili. Amlodipine imepungua sawasawa, losartan haijaguswa wiki tatu. Alikuwa ameletewa sauti ya WhatsApp ikisema dawa za aina ile zinavifungulia virusi mlango. Ni kweli wanasayansi walikuwa wameliuliza swali hilo, lakini tangu Machi madaktari wa moyo wa Ulaya walishatoa tamko kwamba wagonjwa wasiache dawa zao. Tamko halikufika kwetu. Sauti ilifika.

Nilipiga simu kliniki. Aliyepokea akasema, "Huyo mama hafuati dawa," akaniambia nimkazanie. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma. Mama hajawahi kukosa kidonge kwa uvivu. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, na mimi pia nilikuwa sijamuuliza.

Usiku ule nilimuuliza. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mwanangu, kufa nimekubali. Nachelea kuzikwa na watu waliovaa zile nguo nyeupe, nisioshwe na binti zangu."

Nilimshika mkono, tukalia sote wawili. Kesho yake alimeza losartan mbele yangu, bila kukazaniwa. Televisheni tukawa tunaizima alasiri. Dada yangu wa Likoni akawa anapiga simu kila baada ya magharibi, na Mama akimweleza yale yale aliyonieleza mimi, kwa kirefu zaidi.

Namba hazikushuka kwa siku moja. Kufungwa kuliongezwa, Idi tukaila ndani. Ukurasa wa mwanzo wa Juni unasema 138 kwa 84, na upande wa pili, kwa mwandiko wangu: "Amelala hadi alfajiri. Ameomba mchele upimwe, anataka kupika."